Kochi Lenye Mgongo Wazi

Ndugu Mkuu wa Chuo cha Biashara,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya na umekaa mahali salama. Mimi ni fundi makochi, baba wa msichana mliyemtunuku cheti mwaka huu. Siku ya mahafali nilikuwepo ukumbini kwako. Huenda unanikumbuka: ni yule mzee aliyesimama mwanzo hadi mwisho ingawa alipewa kiti cha mbele. Watu walidhani ni furaha.

Nilimleta binti yangu kwenu kwa nia njema kabisa. Nilitaka ajifunze kuuza. Hata kibao cha duka nilikuwa nimeshakichoresha: "Makochi Imara, Baba na Binti". Bila kunishirikisha, mkamfundisha somo la maadili na wajibu wa mfanyabiashara kwa jamii. Kwa heshima zote, naomba kukueleza madhara yake.

1. Binti anajibu maswali ya wateja. Mteja akiuliza ndani ya kochi kuna nini, mimi humwambia kuna starehe. Ni jibu zuri, na limeilisha familia yangu miaka yote. Binti anamwambia kuna magunia makuukuu, maboksi, na sponji kidogo ya kuzugia. Alisema hivyo mbele ya bibi harusi mtarajiwa ambaye alikuwa ameshaanza kuchagua rangi.

2. Amewaharibu mafundi wangu. Amewaletea barakoa za kuvaa wakati wa kupaka vanishi. Zamani walipaka huku wakikohoa, nami nikiwa mezani nilijua kila mmoja yuko wapi. Sasa karakana iko kimya, na katika kimya hicho wameanza kufikiri. Msimamizi wao, mtu niliyemfundisha kazi kwa mikono yangu, juzi alinijia akasema kwa upole kwamba mkono wake unakataa kushindilia maboksi. Mkono. Yeye mwenyewe eti hana neno.

3. Mabaki ya sponji tulikuwa tukiyachoma nyuma ya duka, upande wa jirani yangu mshona nguo. Ni mtu mwema, alikuwa akifunga dirisha lake na kuendelea na cherehani. Binti akaenda kumwomba radhi. Hapo ndipo jirani alipogundua kwamba alikuwa anaonewa, na tangu siku hiyo hanisalimii.

4. Hili limenikaa kooni. Alichukua kochi la dirishani, akabandua kitambaa cha mgongoni na kuweka nailoni inayoonyesha ndani, ili kila apitaye ajionee. Kwa kuwa ndani hapakuwa pa kuonyesha watu, tulilazimika kulitengeneza upya: mbao kavu, sponji nzima, skrubu badala ya misumari. Sasa wateja wanachungulia, wanabonyeza, kisha wanataka hilohilo. Nalazimishwa kutengeneza makochi mazuri, Mkuu, ndani ya duka langu mwenyewe. Kochi langu la zamani lilikuwa na wajibu mmoja tu, kufika kwa mteja likiwa zima. Haya mapya watayarithi wajukuu. Sasa mteja atarudi lini?

5. Ameniambia, bila hasira, kwamba neno "Binti" lifutwe kwenye kibao mpaka duka zima liwe kama kochi la dirishani. La sivyo ataenda kuajiriwa kwingine. Nililia, sikufichi. Kibao kile nilikiagiza siku ileile alipopata nafasi chuoni kwako, na nilipanda ngazi nikakipachika mwenyewe.

Kwa hiyo naomba somo hilo lifutwe, na binti arudishwe darasani asahaulishwe. Ikishindikana, basi lipangeni mchana baada ya chakula, wanafunzi wakisinzia, na lifundishwe na mwalimu mwenye sauti ndogo.

Nisalimie walimu wote, wapishi na mlinzi wa getini. Mwalimu wa maadili naye msalimie, ila ajue salamu zake ni za shingo upande.

Ni mimi, mzazi aliyepatwa na madhara,
Fundi Makochi

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mama yangu amekuja kututembelea. Kila akija kwangu hukaa kwenye mkeka, akisema mgongo wake unapenda chini. Leo amekaa kwenye kochi jipya, akauliza nani kalitengeneza. Nikasema ni mimi. Alimtazama kwanza mjukuu wake, mjukuu akaitikia kwa kichwa, ndipo mama akaegemea. Mama yangu mzazi, Mkuu. Imeniuma sana, na bado nimefurahi kumwona ameegemea.

Kwa hiyo somo lisifutwe. Naomba tu kujua kama darasa la jioni linapokea watu wa umri wangu. Nitakuja na kiti changu kipya, kwa sababu vile vya ukumbini kwako nilivitengeneza mimi.