Maegesho ya Bima

Mjini wote walimwita Shemeji, ingawa hakuna aliyejua kaoa dada wa nani. Tai alikuwa nayo moja, maneno hayana idadi, na mali yake yote hapa duniani ilikuwa gari bovu nyuma ya gereji, halina injini, matairi yamelala chapa. Humo ndimo alimoishi. Kiti cha nyuma kilikuwa kitanda, buti ni kabati, na kioo cha pembeni kilimfaa kunyolea ndevu.

Siku hiyo alikuwa kwenye ofisi ya bima, si kwa sababu ya bima bali kwa sababu maji yao ni baridi na ya bure. Akiwa kwenye glasi ya tatu, akamsikia muuguzi mmoja mstaafu akimuuliza binti wa kaunta:

"Mwanangu, gari langu nimeuza jana. Jingine nanunua mwezi ujao. Hapo katikati bima yangu inakaaje?"

"Andika barua tu, mama, tutaisimamisha. Ukipata gari jipya tunaihamishia huko, na punguzo lako la miaka bila ajali linabaki palepale."

Jibu lilikuwa fupi, la kweli, tena halikuwa na malipo. Ndiyo maana mama hakuliamini. Shemeji akamalizia maji, akamfuata mlangoni.

"Mama, wamekuficha. Bima haikai hewani. Ikikosa gari la kukalia inanyauka, na punguzo linaondoka nayo."

"Yarabi! Sasa nifanyeje?"

"Inaegeshwa. Mimi ninalo gari maalumu la kuegeshea bima. Halina injini, kwa hiyo litamgonga nani? Bima yako ikipumzika pale mwezi mmoja tu, punguzo linanenepa kama la miaka mitatu."

Mama alikuwa mtu mzima mwenye akili zake, lakini aliposikia neno "linanenepa" akili zilitoka nje kidogo. Akafungua pochi.

Sasa, bima haiwezi kulala juu ya gari la mtu baki. Hata Shemeji aliona utaratibu uheshimiwe. Akaandika hati ya mauziano kwamba gari amemuuzia mama huyu, na bei yake ni ile ada ya maegesho. Shahidi akawa fundi mwenye gereji, ambaye kwa miaka minne alikuwa akimsihi Shemeji aondoe takataka hiyo uani kwake. Fundi alitia saini huku anatabasamu. Shemeji hakujiuliza lile tabasamu lilitoka wapi.

Habari zikasambaa. Akaja kinyozi, akaja muoka mikate, akaja mwalimu wa hesabu, ambaye, nasikitika kusema, alipiga hesabu ya punguzo mwenyewe na kugundua kwamba baada ya mwaka kampuni ya bima ndiyo itakayomlipa yeye. Mwezi haujaisha, gari lisilotembea likawa na wenyewe kumi na wanne. Kila mmoja alikuwa na hati yake, na kila hati ilikuwa na saini ya fundi. Shemeji akanunua tai ya pili.

Mambo yaliharibika asubuhi moja kinyozi alipomkuta muoka mikate akipangusa boneti.

"We bwana, unafuta gari langu?"

"Lako? Mimi nimekuja kuangalia bima yangu inaendeleaje!"

Hati zikatoka mifukoni. Kufika saa nne wote kumi na wanne walikuwa uani wakipigiana kelele, na Shemeji yumo ndani ya gari, kajifungia. Mwalimu wa hesabu akawapanga foleni kwa tarehe za hati. Wa kwanza akawa muuguzi.

"Mimi nilirudi kwa yule binti wa kaunta," mama akasema. "Habari ya kuegesha bima alinicheka mpaka nikaona aibu. Lakini hati yenyewe aliisoma mara mbili. Saini ipo, tarehe ipo, shahidi yupo. Ninyi wengine mmeuziwa gari langu. Nami kuku wangu hawana banda."

Fundi hakungoja kuombwa. Mnyororo ulikuwa umeshafungwa kwenye bampa.

"Mama, hii ni nyumba yangu!" Shemeji akalia kupitia dirishani, na kwa mara ya kwanza mwezi mzima alikuwa anasema kweli. Ilitia huruma, tusifichane. "Nitalala wapi mimi? Niache niende nalo. Nitakaa nyuma kimya, kuku hata hawatajua kama nipo."

Mama akamtazama kwa upole wa wodini, akapitisha mkono dirishani, akafungua mlango.

"Ningekubali, mwanangu. Ila gari langu halina bima ya abiria. Shuka."

Akashuka, mto kwapani, sufuria mkononi. Chini walikuwa wanamsubiri wenye gari kumi na watatu.