Wiki Niliyomlinda Dada

Jumamosi, 3 Agosti

Tumefika. Mimi ndiye mlinzi. Naliandika hilo mapema kwa sababu kwenye ndege dada alinikabidhi pakiti ya karanga akaniambia shika, bodigadi, na abiria wa jirani akacheka mpaka akakohoa.

Mambo yako hivi. Dada hutengeneza meno ya bandia. Karakana moja ya mji huu imempa nafasi ya kuja kujifunza mwaka mzima, na ndoto yake yote iko humo. Kaomba likizo ya wiki aje kwanza auone mji. Baba kakubali kwa shingo upande: aende na mdogo wake, na wanaume wa huko wakimsumbua hata chembe, hiyo nafasi aisahau. Akanigeukia mimi. Wewe ndiye jicho langu, jemadari.

Jemadari! Nina miaka kumi na sita. Sijawahi kuzungumza na mwanamume mzima bila kuangalia viatu vyake. Sifa yangu ni moja tu, nimesomeshwa lugha ya huku tangu darasa la kwanza. Dada haijui hata ya kuombea maji.

Nyumba ya wageni ni ndogo, ngazi nyembamba, inanukia sabuni. Mapokezi ni meza na kengele. Nyuma ya meza, binti wa mwenye nyumba. Rika langu. Alinipa ufunguo, akasema karibuni, akatabasamu. Kengele ikalia. Kumbe kiwiko changu.

Nimekwisha.

Jumapili, 4 Agosti

Dada alitaka kitu kimoja tu, akae kando ya ziwa asome kitabu chake. Hatukufika hata kona ya pili. Muuza miwani ya jua akaanza kutembea ubavuni mwetu kama tumemwajiri. Akauliza dada anatoka wapi, ana mume, mbona hacheki. Akasema jua lilikuwa limelala mpaka dada alipopita. Yote hayo ilibidi niyatafsiri, masikio yakiniwaka moto.

Hila ya kwanza. Nilikuwa nimechomoa pete ya pazia chumbani na kuivaa kidoleni. Nikamwambia mimi ndiye mume. Akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza kama mama anajua nimetoka nje. Watu wote wa kona wakaangua kicheko. Dada akauliza kasema nini. Nikamwambia ameomba radhi. Dada akasema yale meno mawili ya mbele yamebandikwa na fundi mlevi, hata radhi haiwezi kutoka humo ikiwa imenyooka. Lakini alisema huku akitembea haraka, mkoba kaukumbatia kifuani. Ziwani alifungua kitabu ukurasa wa kwanza na hakuufungua wa pili, maana kila mpita njia aliona ile nafasi tupu ya benchi imewekwa kwa ajili yake.

Pete imegoma kutoka. Nimejaribu sabuni.

Nimeshuka mapokezi kuomba taulo. Nilikuwa nimeshaomba mbili. Kanipa.

Jua lilikuwa limelala mpaka ulipopita. Maneno yenyewe si mabaya. Ubaya ni mdomo ulioyatoa.

Jumatatu, 5 Agosti

Siku ya maangamizi. Mkahawani, bwana mmoja mwenye mwavuli kavuta kiti bila kukaribishwa. Dada akasema hapana. Neno hilo moja ameshajifunza, maskini. Bwana Mwavuli akalisikia kama "bado". Hila ya pili: nikamweleza kwamba dada ana ugonjwa wa kuambukiza. Akasema binamu yake ni daktari. Sikio la kufa halisikii dawa!

Kisha akaniuliza kwa upole tumefikia wapi. Na mimi nikamjibu! Jina la mtaa, rangi ya mlango. Swali la mtu mzima silijui kulikwepa, nimelelewa hivyo. Akaondoka, mwavuli akauacha kitini, nami nikaubeba nikauacha mapokezi. Mvua hakuna, wingu hakuna. Mwavuli wa nini?

Jioni nikajua wa nini. Alikuja kuufuata. Kagonga mlango wa nyumba ya wageni, kasema amesahau mwavuli wake kwa rafiki zake. Dada akaburuta kiti akakiegemeza mlangoni, akakalia kitanda akiwa amevaa viatu. Mikono ambayo huchonga jino dogo kuliko punje ya mahindi ilikuwa imekamata ukingo wa kitanda. Sijawahi kumwona hivyo.

Huko chini, binti wa mapokezi hakutafuta mume wa kubuni wala ugonjwa. Alimwambia toka. Akabonyeza kengele bila kuachia mpaka mama yake akatokea na fagio la maji, likidondosha. Mwavuli ukaruka barabarani, bwana akaufuata.

Nilikuwa nimejibanza kwenye ngazi. Mungu wangu! Alivyopendeza aliposema toka!

Baba kapiga simu. Nikamwambia kila kitu shwari.

Jumanne, 6 Agosti

Nimejipanga mbele ya meza yake tangu asubuhi. Nimemwambia jua lilikuwa limelala mpaka alipopita. Akasema yuko kazini.

Yuko kazini! Hajasema hapana.

Nikamuuliza mbona leo hacheki. Akahesabu funguo upya, zote.

Jumatano, 7 Agosti

Dada alikuwa na miadi karakana. Nilipaswa kumsindikiza. Lakini nilimwona binti akitoka na kikapu kwenda sokoni, na bahati ya mtu haiji mara mbili. Nikamwambia dada anitangulie.

Sokoni nikakutana naye kwa bahati, baada ya kujificha nyuma ya magunia ya viazi. Nikashika kikapu nimsaidie. Yeye naye akakishika, tena kwa nguvu. Akasema njia anaijua. Nikamwambia hakuna tabu, mimi siijui, basi twende pamoja. Alitembea mbio sana. Wasichana wa huku wana afya.

Dada alirudi na unga wa plasta kwenye nyusi, anacheka kama mtoto. Fundi mkuu kampa taya zima alisawazishe, kalitazama dirishani, kasema, kijana mmoja wa karakana akimtafsiria dada, mkono huu usirudi kwao. Dada akaigiza sauti yake, akaigiza na tumbo lake. Tukacheka mpaka akakumbuka. Akasema njiani dereva mmoja alimfuata polepole, kioo kashusha, mtaa mzima. Aliingia duka la dawa akajifanya anasoma maboksi mpaka mwenye duka alipofunga mlango akamtoa kwa nyuma. Akauliza, mimi nilikuwa wapi?

Nikasema nilikuwa najenga urafiki na wenyeji.

Baba kapiga. Shwari, baba.

Alhamisi, 8 Agosti

Mikosi! Mapokezi kakaa mama mwenye fagio. Binti kahamishiwa kufua, chumba cha nyuma. Kwa nini, katikati ya wiki? Nikachukua mashati yangu, safi yote, nikayapeleka kufuliwa. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Nikapitishia ua chini ya mlango. Nikasubiri. Nikapitisha la pili.

Mchana nikachungulia uani. Dada na binti wamekaa kizingitini, bega kwa bega. Hawana lugha moja, wanaongea kwa mikono. Binti akaonyesha ngazi, akaonyesha kikapu, akaonyesha mtu anachungulia. Dada akatikisa kichwa, akaonyesha miwani, mwavuli, usukani wa gari. Walielewana neno kwa neno bila mkalimani. Niliumia. Kazi yangu ni nini basi?

Dada akapanda juu. Sijawahi kufokewa vile, hata siku nilipochoma jiko. Kasema binti anaogopa kushika kazi yake kwao wenyewe, kwa ajili yangu. Nikajitetea: mimi si kama wale, mimi ninampenda. Akasema wale nao huanza hivyohivyo. Akaniambia niende kwenye kioo nimtazame muuza miwani.

Nimekwenda. Nimejitazama kwa uangalifu mkubwa. Masharubu hayajajaa upande wa kushoto. Huenda ndiyo sababu.

Hapo hapo simu ya baba. Nimeonewa, na yeye anauliza: vipi, jemadari? Nikasema ukweli kwa mara ya kwanza wiki hii. Miwani. Mwavuli. Gari. Baba akasema mpe dada yako simu.

Dada alisikiliza akiwa amesimama. Ndiyo, baba. Ndiyo, baba. Nimesikia, baba. Kisha akakaa.

Ijumaa, 9 Agosti

Dada kaenda kurudisha aproni ya karakana. Hakutaka nimsindikize. Kaenda na binti, wameshikana mikono. Muuza miwani akafungua mdomo, akawaona wawili, akaufunga. Sikuamini macho yangu. Najua hilo kwa sababu nilikuwa nyuma yao kidogo, nyuma ya gari la takataka. Kwa ulinzi.

Aliporudi alipanga nguo sandukuni polepole, kama anakunja za marehemu. Nikamwambia pole. Nikamwambia angalau sasa yuko salama. Akacheka kicheko kikavu. Akasema wanaume wa mji huu alishaanza kujua kila mmoja amkwepee mtaa gani. Mimi, mdogo wake wa tumbo moja, hakujua anikwepee wapi.

Kwa kweli sikulala vizuri.

Jumamosi, 10 Agosti

Ndegeni. Baba katuma ujumbe asubuhi: hongera, jemadari, umemrudisha dada yako mzima. Mzima huyo hajala tangu jana. Amegeukia dirisha, nje hamna kitu ila mawingu. Kidole gumba anakisugua juu ya cha shahada taratibu, kama anasawazisha jino lisiloonekana.

Nimefikiri sana. Nimejua nilipokosea: nilikuwa na haraka. Binti hakutokea kutuaga, mama yake ndiye aliyepokea ufunguo, fagio mkononi. Lakini mimi si mjinga. Sweta langu nimelisukumia chini ya kitanda, mbali kabisa, ukutani. Mtu akisahau sweta lake ana haki ya kuandika, na hata kulifuata, likizo ijayo. Nani atamlaumu? Barua nimeshaianza. Jua limelala tangu nilipoondoka.

Mwanamume wa kiti cha mbele kageuka tena kumuuliza dada jina. Ni mara ya tatu, na dada amevuta blanketi mpaka kidevuni. Watu wengine hawana haya! Ningemwambia kitu, ila niko katikati ya sentensi.