Upungufu wa Watu Kwezindo

Kijiji cha Kwezindo,
Juu ya Mgwashi,
Mei, 1992.

Bwana Afisa wa Barabara,

Zamani ningekuandikia "Ndugu", lakini naambiwa tangu biashara iwe huria undugu umepungua, basi nimeandika Bwana. Marahaba. Nakuitikia sasa kwa sababu siku ile ya mkutano shikamoo yako haikutufikia. Labda nayo ilikosa usafiri.

Ulipokuja kwetu, Tobia alikubeba mgongoni kuvuka kijito, viatu umevishika mkononi. Ukatuambia kwa upole, "Wazee, barabara hufuata watu, nanyi ni wachache. Ongezekeni, wenye mabasi watakuja wenyewe." Kisha Tobia akakubeba tena. Tulikuelewa. Tukaunda Kamati ya Kuongezeka, mimi nikiwa mwenyekiti, na malalamiko yetu ni haya:

1. Tulihesabiwa vibaya. Karani wa sensa alipofika Mgwashi aliutazama mlima wetu, akakaa kwenye kibanda cha chai. Akamuuliza Sefania, jirani yangu aliyekuwa ameshuka sokoni, tuko wangapi. Sefania amegombana na nusu ya kijiji kwa ajili ya mfereji wa maji, akawataja wale tu anaosalimiana nao. Mimi simo. Nalipa kodi ya maendeleo kila mwaka bila kuwepo.

2. Majirani wanatuchukulia watoto. Jenoveva alipopatwa na uchungu tulimlaza kwenye machela ya blanketi, tukashuka naye. Akajifungua mapacha chini ya migomba ya Mgwashi, na zahanati ya hapo ikawaandika kuwa ni wa hapo. Tunaomba warudishwe, au angalau mmoja.

3. Wanaoondoka hawaombi ruhusa. Kabichi zikituozea shambani, vijana huenda kulima penye gari. Lightness, binti wa Bertha, alipokwenda kwenye mashamba ya chai nilimfuata hadi kijitoni nikimweleza kwamba anaturudisha nyuma. Akanijibu, "Baba, kuwa wengi hakununui kabichi." Kamati haikuona sababu ya kuliandika hilo.

4. Hili naliandika kwa adabu. Masika ya mwaka jana mkwe wangu Latifa alishikwa na uchungu alfajiri. Mvua ilikuwa kubwa, wabebaji wakateleza, na hospitali tukaifikia jioni. Mama tulirudi naye, mtoto tulimzika. Kamati ilikaa, ikaona kwamba mtoto ambaye hakuwahi kuhesabiwa hajapunguza kitu. Mwanangu Idrisa hakuhudhuria kikao hicho.

Kwa kuwa barabara hufuata watu, na watu wetu wanafuata barabara, tunaomba utuletee watu kutoka huko barabara zilikojaa. Wasipopatikana, njoo wewe na familia yako. Kiwanja tumekutengea, mahali penye upepo mzuri. Mkeo akiwa mjamzito itatufaa zaidi, na wabebaji wapo. Tunaomba pia, mpaka hesabu itimie, serikali itoe tangazo la kuahirisha vifo, homa za watoto, na uzazi wote wa masika.

Wasalimie ofisini wote, na dereva wako aliyebaki Mgwashi akilinda gari, na mamako mzazi, ambaye naamini alikufundisha kusalimia. Sisi tusiokuwepo hatujambo.

Wako katika kuongezeka,

Zuberi Shemhilu
Mwenyekiti wa Kamati

N.B. Jibu usilete Kwezindo. Latifa ni mjamzito tena, na Idrisa ameanza kufunga vyombo. Tunahamia Korogwe, nyumba nzima, na mbuzi pamoja. Nilimkatalia jioni moja. Asubuhi nikamtafutia kamba. Chumba tulichopata kiko kando ya barabara kuu, na naambiwa malori hupita hapo usiku kucha mpaka mtu hapati usingizi. Latifa ndiye aliyekichagua.