Vidole Vilivyoliwa na Saruji

Jumatatu, 3 Machi

Dereva wa lori la mchanga ameacha kazi. Kaondoka asubuhi bila kuaga, funguo kaziacha juu ya tofali. Msimamizi akatuita wote, akatangaza: mwenye leseni aje nayo Jumatatu ijayo, lori ni lake. Moyo ukaniruka. Kiti chenye sponji! Kivuli! Mgongo wangu umebeba mifuko ya saruji hadi nikilala chali nahisi nimelalia mfuko.

Halafu kuna suala la mke wangu. Zamani kidogo nilimwambia kwa simu kwamba mimi huku ni dereva. Sikupanga. Aliniuliza nafanya kazi gani, lori likawa linapita, mdomo ukanitangulia. Sasa nyumbani wote wanajua. Leo kaomba tena picha yangu nikiwa nimeshika usukani. Lori hilo lazima nilipate.

Tatizo ni dogo. Kuendesha najua, ila mbele tu. Rivasi inanikataa. Kila nilipofanya mtihani ilinifelisha hiyo hiyo.

Naishi chumba kimoja na shemeji, kaka wa mke wangu. Anapaka rangi kwenye jengo letu. Kwao alikuwa dereva, leseni ikampotea safarini, basi akashika brashi. Mtu mwema: hajawahi kunichongea kwa dada yake. Leo kasema twende uwanjani jioni, mlinzi atatuazima funguo, anifundishe rivasi. Nikamwambia ahsante, nina njia fupi. Afanye yeye mtihani kwa jina langu! Ndevu tunafanana. Akaniuliza kama jua limenipiga sana.

Jumanne, 4 Machi

Nimeomba ruhusa, nimesingizia jino. Ofisi ya leseni imebadilika! Bango mlangoni: leseni bandia sasa basi, kila mtu atatambuliwa kwa vidole vyake. Karani, dada mmoja mwenye miwani, akaniambia niweke vidole kwenye kioo. Nikaweka. Mashine kimya. Akafuta kioo. Kimya. Akanifuta mimi, kwa kitambaa kile kile. Kimya! Akauliza, kaka, alama zako umeziacha wapi? Nikamwambia kwenye zege. Foleni nzima ikacheka. Akanishauri nipumzishe mikono, niipake mafuta, nirudi Ijumaa.

Nimetoka pale natabasamu peke yangu. Mashine hainijui! Kufeli kwangu kote kumo kwenye makaratasi ya zamani, yenyewe haijaambiwa kitu. Basi itapokea vidole vya yeyote atakayekwenda na jina langu. Wameajiri mlinzi, mlinzi mwenyewe haoni.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji kakubali. Nilimwambia kwamba dada yake atachekwa nyumbani wakijua mimi si dereva, hapo akalegea. Nimempa kitambulisho changu. Picha imefifia, sasa ni ya mtu yeyote mwenye ndevu. Nikamkaririsha tarehe yangu ya kuzaliwa. Mimi nikabaki nachanganya zege huku napiga mluzi.

Jioni karudi na uso usioeleweka. Kumbe alipogusa tu kioo, mashine ikatoa jina lake! Picha yake! Na leseni yake, ile iliyopotea! Kwao walishamchukua alama za vidole, na mashine zote zinaongea lugha moja. Karani akataka kujua kitambulisho cha mtu mwingine anakitakia nini. Akajitetea kwamba tunalala chumba kimoja, vitambulisho vinaning'inia msumari mmoja, kachukua kisicho chake. Karani akamwonya. Halafu akamwambia, sasa wewe leseni ikikupotea si useme? Akamchapishia nyingine pale pale.

Nilimtuma akaniletee leseni yangu, karudi na yake! Kaiweka mezani, tumeitazama kama mgeni asiyesema kaja kufanya nini.

Nikamuuliza ataipeleka kwa msimamizi? Akasema hapana shemeji, nafasi ni yako, mimi na brashi yangu tunaelewana. Ila nikubali tu kufundishwa rivasi. Nikamwambia kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya mikono. Mafuta tangu asubuhi. Mikono ndani ya soksi, soksi ndani ya mifuko ya plastiki. Koleo likaniponyoka, likatua karibu na kiatu cha msimamizi. Akauliza huu ni ugonjwa gani. Nikasema ni wa kwetu. Akanihamisha nikabebe mbao, mbali na wenzangu. Nimezibeba kwa viwiko.

Jioni shemeji kaazima funguo, kawasha lori, kanipigia honi. Nikamwonyesha soksi. Mafuta yote haya yaishie kwenye usukani? Hana akili! Basi akaanza kurudi nyuma mwenyewe, polepole, akaliingiza lori kati ya marundo ya kokoto kama anaingiza mkono mfukoni. Majigambo tu.

Ijumaa, 7 Machi

Vimesomeka! Vyote! Karani kapiga makofi. Kanipiga na picha: sura yangu hiyo kwenye skrini, jina langu chini yake. Nimejiona mtu kamili.

Kisha mtihani. Mbele nimekwenda safi, mtahini akawa anaitikia kwa kichwa, karidhika. Akasema sasa rivasi. Koni ya kwanza nikailaza. Ya pili nikaondoka nayo. Mtahini akaniuliza kwa upole kama naipeleka nyumbani. Tukarudi kwa karani, nikaweka kidole, mashine ikaandika: amefeli, asirudi kabla ya miezi sita. Nikamsihi karani afute. Akasema hawezi, kaka, kila nitakapogusa kioo itamwambia hivyo hivyo.

Mashine mbea!

Jumatatu, 10 Machi

Msimamizi akauliza nani ana leseni. Shemeji akanitazama. Nikatazama viatu vyangu. Ndipo shemeji akaitoa yake. Lori limekwenda kwake. Imeniuma, nisidanganye.

Lakini kaniombea niwe utingo wake. Kwa hiyo kiti nimepata. Ni cha upande wa pili, ila sponji ni ile ile.

Mchana alipokwenda kula nikahamia kwenye usukani, nikajipiga picha, nikamtumia mke wangu. Akajibu hapo hapo: umependeza mume wangu, ila mbona shati la kaka limetundikwa nyuma yako? Nikamjibu namfundisha kuendesha.

Jioni shemeji kalisimamisha lori uwanjani, kanifungulia mlango wa dereva. Kasema rivasi nitaielewa ndani ya wiki, miezi sita ikifika nitakuwa nafumba macho. Nikamwambia sina nafasi.

Na kweli sina. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umo kwenye ndoo ya saruji mbichi. Baadaye nabadilisha. Vidole vinawasha vizuri sana. Alama zikifutika, naanza upya na jina jingine, mtu ambaye hajawahi kufeli kitu.

Shemeji kasimama mlangoni anaitazama ndoo. Kauliza, na uso je? Si walikupiga na picha?

Ananiona mjinga. Hilo nililifikiria kabla hata sijakoroga. Kesho nanyoa ndevu.