Mtungi Chini ya Maporomoko

Jumatatu, 3 Machi
Mtaalamu wa udongo amekuja kuukagua mlima ulio nyuma ya nyumba yetu. Kwamba uliwahi kuporomoka tunajua wote. Swali ni lini. Kama ni karne nyingi zilizopita, tunabaki. Kama ni juzijuzi, tunahama. Na kuhama maana yake ni kwenda kwa shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye nyumba uwandani na masimango yasiyoisha. Bora nilale juu ya mti.

Mke wangu anasema anachotaka yeye ni watoto walale salama. Nimemwambia aniachie mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimempa mtaalamu chai, nikamdodosa. Anatafuta vigae vya vyungu, makaa, misingi ya nyumba za kale. Anahoji wazee, anasoma kumbukumbu. Hivyo ndivyo hujua udongo ulishuka lini. Akaanza habari za kilicho juu na kilicho chini. Sikumsikiliza, nilishaelewa. Kitu cha kale, maporomoko ya kale. Kazi rahisi.

Jumatano, 5 Machi
Nyuma ya jiko nimeokota mtungi uliopasuka, mweusi tii. Ukiuangalia utasema una miaka mia tano. Nimechimba shimo ubavuni mwa mlima, nikausukuma ndani kabisa, chini ya ule udongo mwekundu ulioporomoka. Kitu kikiwa chini zaidi ndicho cha kale zaidi, nani asiyejua hilo?

Mke wangu akauliza matope ya nini. Nikasema nazibua mfereji. Akanisifu. Iliniuma kidogo, kisha ikapoa.

Ijumaa, 7 Machi
Mtaalamu ameufukua mtungi. Raha iliyoje! Mama mkwe, tunayeishi naye, akaja kuchungulia. Akasema mbona huo ni mtungi wake wa harusi, aliutupa mwaka aliozaliwa kitindamimba wetu. Akaonyesha hadi kiraka cha lami alichokibandika mwenyewe.

Kitindamimba wetu yuko darasa la kwanza.

Mtaalamu akaeleza upya, na safari hii nikasikiliza. Kilicho chini ya maporomoko kilikuwepo kabla ya maporomoko. Basi mlima umeshuka baada ya mtungi kutupwa. Mke wangu akashangaa mbona hatukuona kitu. Akajibiwa kwamba udongo mwingine hutambaa polepole. Mama mkwe akasema ndiyo maana mlango wa jiko haufungi.

Tunahama kesho. Nilifungua mdomo niseme ukweli. Mke wangu akanitazama. Nikaanza kufunga mizigo.

Jumatatu, 10 Machi
Kwa shemeji. Ananiita mgeni, na mgeni mwenyewe amepangiwa zamu ya kufagia uwanja.

Mvua tangu jana. Mchana mlima umeshuka, ukafukia jiko na chumba cha watoto. Hapakuwa na mtu ndani. Mke wangu aliketi chini uani akilia, akawashika watoto vichwa mmoja baada ya mwingine. Nami nililia, sioni haya kusema.

Jioni mtaalamu akaja. Akasema kuna mtu alichimba shimo ubavuni, maji yakaingia humo, ndipo udongo ukaachia. Akauliza ni nani. Nikasema labda panya. Akasema basi ni panya mwenye jembe.

Yaani shimo langu limeangusha mlima na mtungi wangu umetutoa chini yake. Mke wangu anamshukuru mtaalamu. Mimi nimepewa ufagio.

Jumatano, 12 Machi
Shemeji amesema tukae hata mwaka mzima, mradi nisikalie kiti chake. Akalisema mbele ya watoto.

Nimemdodosa mtaalamu tena. Kumbe hata uwandani watu huhamishwa, ikithibitika kwamba mto uliwahi kupita hapo. Leo tumekula samaki. Nimewaambia watoto wasitupe mifupa. Nimeshajua kosa langu: nilifukia chini mno. Hii naifukia juujuu.

Tukihamishwa sote pamoja na shemeji tutakwenda wapi, hilo nitalifikiria nikishamaliza kuchimba.