Nguruwe wa Kuazima

Jumatatu, 17 Machi 2025

Evodia, mwanangu, aibu huna. Pasaka mbili hujakanyaga kibanja changu! Huko Mwanza wamekufunga kamba? Simu sikupigii tena. Naandika humu daftarini, kwa herufi nilizookota darasa la ubatizo, usome ujue mama yako anavyohangaika.

Umesema Pasaka hii unaleta wakwe. Vizuri. Nimewanenepeshea nguruwe. Yaani nimejaribu. Amekonda kama mpini wa jembe, na anakohoa kunishinda mimi. Leo mwenyekiti katangaza: daktari wa mifugo anakuja kutoka chuo kikuu kupima nguruwe wa Izimbya. Anatafuta virusi. Nguruwe atakayekutwa navyo hachinjwi, hatoki bandani.

Hachinjwi! Wakwe wale nini, majani ya mkahawa?

Jumanne, 18 Machi

Nimepata akili. Mzee Kahigi wa bondeni ana jike mwenye sikio moja jeusi. Mnene! Anang'aa kama kapakwa samli. Huyo ugonjwa ungemwingilia wapi? Nikaomba niazime siku moja. Kahigi akajifanya anafikiri. Akataka mkungu mmoja wa ndizi na kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi. Akaniapisha nisimwambie mtu, maana yeye ni mzee wa kanisa. Nikaapa. Mimi mwenyewe niko kwaya ya akina mama.

Jumatano, 19 Machi

Wangu nikamficha jikoni, nyuma ya kuni. Wa Kahigi bandani. Akamaliza pumba zangu, mlafi yule!

Daktari Judica akaja. Binti mdogo, buti za mpira, adabu nyingi. Nikampa kahawa ya kutafuna. Akatoa damu, akapangusa pua ya nguruwe kwa pamba, akanisifu kwamba huyu mnyama nimemtunza. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mara jikoni kikohozi! Nikasema ni mume wangu. Baba yako tulimzika mwaka juzi, najua. Angekuwepo angecheka.

Judica akampaka nguruwe rangi ya bluu mgongoni, alama kwamba kapimwa. Alipoondoka nikamrudisha wangu bandani, alambe mabaki. Kahigi akataka nguruwe wake aogeshwe kabla ya kurudi, rangi itoke yote. Sikuuliza kwa nini. Mjinga mimi!

Alhamisi, 20 Machi

Immakulata, jirani yangu tunayepakana vibanja, kaja kunitambia kwamba daktari kamsifia nguruwe wake. Nguruwe wake si yule kiwete? Nikachungulia uani kwake. Anasugua mgongo wa nguruwe kwa sabuni. Sikio jeusi!

Nikamwendea Kahigi. Akasema Immakulata katoa mikungu miwili. Mzee wa kanisa, waitu, jamani!

Jumatatu, 7 Aprili

Mkutano ofisi ya kijiji. Judica kashika makaratasi, uso wa mtu asiyelala. Akaeleza kwamba vijiji vingine kila banda lina kirusi cha ukoo wake, vinatofautiana. Izimbya mabanda tisa, kirusi kimoja, hata nukta haikupishana. Akashangaa. Akapima damu upya, atambue nguruwe wenyewe. Nguruwe tisa ni nguruwe mmoja.

Mimi nikatazama bati. Kahigi akaanzisha wimbo.

Judica hakuimba. Akasema kirusi hiki nguruwe mkubwa hukibeba akinawiri, watoto ndio wanadumaa. Nguruwe akila chombo kimoja na mwenzake, kimehama. Kwa hiyo huyo mgeni wetu katuachia kirusi mabanda yote tisa. Yamefungwa. Atapima nguruwe wa kweli wiki ijayo.

Tulipotoka Immakulata akanipigia kelele: Ma Kokubanza, wewe ndiye ulianza! Nikamjibu nilianza kwa mkungu mmoja, yeye ndiye aliyepandisha bei.

Jumatatu, 14 Aprili

Judica kampima wangu, kampaka sikio moja rangi nyeusi, alama asibadilishwe tena. Kikohozi ni minyoo tu! Kampa dawa, kaacha kukohoa papo hapo, mnafiki. Damu imekwenda chuoni kupimwa. Naomba asubuhi na jioni.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Majibu. Wangu anacho. Judica akanionea huruma, akasema kirusi ni kipya mwilini, hakina mwezi. Maana yake ningemwonesha yule mkohozi siku ya kwanza, angepewa dawa ya minyoo na Pasaka hii tungechinja. Nimelia kidogo. Kwa ajili yako, si kwa ajili ya nyama.

Kisha nikafuta machozi, nikapata akili.

Waambie wakwe Pasaka tumeihamishia Pentekoste. Daftari hili nalituma kwa meli, maana kwenye simu Immakulata anasikiliza. Judica anarudi kupima mapema Juni. Ukija, shuka Muleba, upite Rubya kwa shangazi yako Agnetha. Ana nguruwe safi wa kutuazima, masikio meupe yote mawili. Moja nitalipaka masizi mwenyewe, liwe jeusi kama la wangu. Mfunike khanga, muingie kwa njia ya bondeni. Na akikohoa, sema ni mumeo.