Injini Kazi Yake Kuvuta

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Lori jipya limeteremshwa bandarini leo. Jeupe. Kiti cha dereva kinapanda na kushuka chenyewe! Bi Radhiya, mwenye magari, ametuita ofisini kwake Mkunazini sisi madereva wake wawili wa kokoto na mchanga. Jumamosi fundi Makungu atayakagua magari yetu. Aliyelitunza lake vizuri zaidi ndiye atakayepewa jipya.

Lori langu hilo. Miaka thelathini na moja kwenye usukani! Mpinzani wangu ni Junaid, mume wa binti yangu Shemsa. Kijana ana adabu mpaka inaudhi. Utagombana vipi na mkwe anayekuamkia kila anapokuona?

Ila ana kasoro moja. Akishuka mteremko wa Masingini na mzigo anabonyeza swichi ya breki ya injini, na gari linanguruma mpaka Bububu. Injini kazi yake kuvuta. Ukiilazimisha kuzuia, unaiua. Mimi swichi hiyo sijaigusa tangu nikabidhiwe gari. Nimemweleza Bi Radhiya. Akaniuliza mbona pedi za breki zangu zimebadilishwa mara tatu mwaka huu na za Junaid hata mara moja. Nimemwambia vipuri vya siku hizi ni vya ovyo.

Jumanne, 12 Agosti

Mpango wa kwanza: malalamiko ya wananchi. Nimeandika barua nzuri sana kuhusu kelele, nikaipeleka Bububu majirani watie saini. Nimeanza na Bi Mwanakheri, anayeuza bajia pale chini ya mteremko. Amekataa. Anasema ngurumo ya Junaid ya saa tatu ndiyo inayomwambia aepue bajia, maana saa yake ya ukutani imekufa tangu Ramadhani. Akaongeza kwamba mimi hupita kimya kweli, lakini nikishapita bajia zake zote zinanuka kuungua, na wala hazijaungua.

Nimepata saini moja. Yangu.

Jumatano, 13 Agosti

Mpango wa pili: ushahidi. Injini inayokufa lazima oili yake iwe na vumbi la chuma. Nilipotoka msikitini asubuhi nimepitia kwenye gari la Junaid na kichupa. Nimeinama, kijiti cha kupimia oili mkononi, nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo baba."

Nimeitika marahaba na kijiti nimekisukumia ndani ya mkono wa kanzu. Kanzu nyeupe.

Kadhani nimekuja kujifunza! Akaniletea kiti na kahawa. Akaeleza kwamba injini inapozuia gari inabana hewa tu, wala dizeli haiingii. Haidhuriki, mradi oili imeshapata moto, gia umeichagua mapema, na mshale wa mizunguko ya injini hauingii kwenye alama nyekundu. Hapo sikusikiliza tena. Nyekundu! Kakiri mwenyewe kwamba ipo nyekundu.

Oili nimeipata kwa kuukamua mkono wa kanzu. Makungu akaipaka kidoleni, akainusa, akasema safi kabisa, sasa ya gari langu iko wapi? Nikamwambia nina haraka. Mke wangu Thuwaiba anataka kujua habari za kanzu.

Alhamisi, 14 Agosti

Mpango wa tatu: mfano hai. Nimemwambia Junaid anifuate kwa nyuma, aone mtu mzima anavyoshuka Masingini na tani kumi na tano, kimya kimya, mguu kwenye breki tokea juu.

Mwanzo ulikuwa uzuri mtupu. Katikati, harufu. Halafu moshi kulia na kushoto. Nikakanyaga mpaka chini na gari halikujali. Mbele, katikati ya barabara, mbuzi wa Bi Mwanakheri. Nimepiga honi, nimesoma shahada. Niliogopa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Nilimwona Thuwaiba amekaa eda, na kanzu yangu bado ina oili.

Swichi ilikuwa chini ya kidole changu. Sikuibonyeza. Si mbele ya mkwe.

Mteremko ukaisha, nikaingia kwenye lundo la mchanga nililolimwaga mwenyewe jana. Mbuzi mzima. Mimi mzima. Nikakimbilia ndoo ya Bi Mwanakheri niyamwagie magurudumu maji. Junaid akanishika mkono, akasema dramu za breki zikimwagiwa maji zikiwa na moto ule zitapasuka. 

"Baba," akasema, "ningekwenda kumwambia nini Shemsa?"

 Nikasema leo jua kali.

Ijumaa, 15 Agosti

Baada ya sala nimetega masikio. Hakuna anayezungumza lolote. Junaid hajamwambia mtu, hata mkewe. Kimya hiki kinanitia wasiwasi. Ana mpango gani yule?

Jumamosi, 16 Agosti

Makungu kakagua mpaka adhuhuri. Kapima silinda moja moja. Nimesimama karibu na gari la Junaid nikisubiri habari za msiba. Injini yake nzima. Yangu pia nzima. Akafungua magurudumu. Pedi za Junaid bado nene. Zangu, hakuna kitu. Dramu zimegeuka buluu kwa moto.

"Mjaka, injini haijauliwa na mtu," akasema Bi Radhiya. "Mgonjwa ni mguu wako."

Junaid kapewa jipya. Yeye ndiye aliyeniombea nisifukuzwe. Wiki nzima nitakaa kiti cha pembeni anifundishe. Nimeumia. Lori lile nilishalipangia mpaka jina. Nyumbani sikula.

Jumamosi, 23 Agosti

Wiki imekwisha. Kiti cha pembeni hakipandi wala hakishuki. Lakini swichi nimeijua. Nimekiri mbele ya Junaid kwamba haiui injini, na kijana karibu alie. Gari langu limetiwa pedi mpya, dramu mpya, na funguo nimerudishiwa.

Sasa kuna jambo nimeligundua peke yangu. Kama breki ya injini haidhuru, basi kumbe inayoua gari ni breki ya mguu! Dramu zangu si mnaziona? Na Junaid, pamoja na swichi yake, akifika chini bado anakanyaga ili asimame. Nimemshuhudia. Anasema swichi hupunguza mwendo tu, kusimamisha ni kazi ya mguu. Ndivyo anavyodhani. Analiua gari jipya la watu.

Jumatatu nitamwonyesha. Nitashuka Masingini na mzigo, swichi imebonyezwa, mguu wa kulia nimeukunja chini ya kiti tokea juu mpaka mwisho. Bi Radhiya nimemwalika asimame pale chini ajionee. Bi Mwanakheri nimempa habari pia.

Amempeleka mbuzi kwa dada yake Paje.